Firigisi ya Baba kwenye Picha ya Noeli

Mwaka ule Noeli ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine, kwa amri ya wakubwa wa chama tawala. Mama alikasirika hadi akaniagiza picha. "Bameitosha ku kalenda," alisema, yaani wameiondoa. "Ku ukuta wangu habataitosha." Alitaka picha ya ukumbusho: sisi wote, Noeli ya utoto wetu, tukiwa na imani. Ingetundikwa sebuleni mahali pa picha ya mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki ambaye baba alimnunua atuletee utajiri, na ambaye hadi siku hiyo alikuwa ametuletea vumbi.

Mimi nilikuwa fundi wa picha, yaani kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye diploma ya sekondari, aliyekuwa bado anakula kwa mama yake. Mtaa wetu wote wa Kamalondo ulikuwa ukitembea kwenda kazini. Safari yangu mimi ilikuwa kutoka kitandani hadi uani, ambako nilikuwa nimewamba kitambaa cha mfuko wa unga kwenye fremu. Nikachora kreshi ya kanisani, lile zizi la Mtoto Yesu, familia imepiga magoti, na juu yao malaika mdogo mwenye mashavu. Malaika huyo nilikuwa mimi.

Dada yangu mkubwa, aliyeolewa mtaa wa pili, akapita kuomba chumvi. Akasimama mbele ya picha, mtoto mgongoni.

"Huyu wa mabawa ni nani?"

"Ni miye, yaya," nikamjibu dada.

"Weye?" Akacheka hadi mtoto akaamka. "Malaika wa firigisi!"

Hapo nikajua nimekwisha.

Kwetu firigisi ya kuku ni ya baba. Mtoto haigusi hata kwa macho. Noeli moja, nikiwa na miaka saba, wote walienda misa. Mimi nilisema tumbo linauma, nikaachiwa sufuria juu ya mbabula nichunge makaa. Nilichunga vizuri sana. Nilichunga hadi firigisi ikaisha. Kisha nikapiga magoti kwenye majivu, nikamwomba Mtoto Yesu airudishe kabla misa haijatoka. Kwa aliyegeuza maji kuwa divai, niliona hiyo ni kazi ya dakika moja. Nikafunua kifuniko: shingo. Nikaomba tena, nimefumba macho hadi yakauma. Shingo. Sijawahi kuomba vile tena maishani.

Baba aliiangalia sahani yake, akauliza kwa upole wa kutisha, "Hii kuku ilizaliwa bila firigisi?" Aliyempika kuku kabla ya misa alikuwa dada. Akavuliwa gauni lake jipya la njano, likatundikwa kwenye msumari, naye akashinda ndani na shumizi wakati wenzake wanatembeza nguo zao barabarani. Noeli iliyofuata gauni lilimbana. Likawa tambara la kufutia taa. Mimi nilinyamaza, nikala wali.

"Mafuta ilikuwa ku kidevu yako," aliniambia sasa. "Nilinyamaza juu ulikuwa mutoto. Leo uko na ndevu, na baba anaamini mupaka leo miye njo mwizi. Chora ile ya kweli, ao nitasema mwenyewe mbele ya sahani ya baba."

Nilijaribu kupatana naye. Nikamhamishia mabawa, nikamfanya yeye malaika.

"Sitaki kuruka," akasema. "Nataka gauni yangu."

Basi nikampaka malaika rangi nyeusi, nikaanza upya.

Jioni ya Noeli mama alitundika picha bila kuichunguza, kisha akarudi nyuma hatua mbili. "Na Mutoto Yesu iko wapi?" Baba alikuwa ameingia kutoka kazini. Akaisogelea picha na buti zake: mtoto amepiga magoti mbele ya mbabula, kifuniko mkononi, shavu moja limevimba, nyuma yake msichana wa shumizi, na gauni kwenye msumari. Hapo nilikuwa nimemaliza njano yote ya kopo.

"Miaka kumi na kenda," baba akasema. Basi.

Chakula kikaja. Baba akaichukua firigisi kwenye sahani yake, kwa vidole vyake mwenyewe, akaiweka kwenye sahani ya dada, aliyekuja kula Noeli kwetu. Mama akashika mdomo. Dada hakushukuru wala hakuharakisha. Alitafuna polepole, ananiangalia.

Mimi nikapewa shingo. Nikafumba macho kidogo, kwa mazoea ya zamani. Nikayafungua.

Shingo.