Hodi kwa Kipara

Mmeniganda kama kupe: andika, andika habari za Bi Hima. Kalamu yenyewe naishika kama mwiko, macho ndiyo haya, na nyumba nzima imejaa watu waliosoma. Lakini wa kuandika ni mimi! Haya. Naandika, na atakayecheka herufi zangu aende akaandike zake.

Bi Hima alikuwa mlezi katika kituo cha watoto, chumba cha wachanga, wale wasiotembea bado. Jina hilo alipewa na wenzake kwa wepesi wa mikono. Humnyakua mtoto kitandani, humlaza mezani, na nepi chafu imeshatoka, safi imeshafungwa, mtoto mwenyewe bado anashangaa dari. Alijivunia hilo, na haki alikuwa nayo. Baadhi ya watoto wake sasa wana ndevu.

Ndipo vikaja viwango vya ujuzi. Kila mlezi atazamwe akifanya kazi, na asiyevifikia atoke kwa wachanga, apelekwe kufua. Kufua si aibu, lakini kumtoa Bi Hima katika chumba kile ni kumtoa samaki majini.

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye viatu visivyolia. Alimtazama Bi Hima akimbadilisha Kipara, mtoto asiye na unywele hata wa dawa. Kipara akalia kama kawaida yake, miguu kaikaza kama mipini ya jembe.

"Mikono yako safi, na unamshika vizuri," mkaguzi akasema. "Lakini bibi, hukumwambia."

"Kumwambia nani?"

"Mtoto. Kiwango kinataka umwarifu kabla hujamgusa."

"Nimwarifu kwamba kajikojolea? Habari hiyo anayo yeye kabla yangu!"

Walezi wakaangua kicheko, mkaguzi naye akacheka, lakini neno lake hakulifuta. Angerudi wiki ijayo kutazama tena.

Nyumbani mdogo wake akamchokoza. "Dada, kwa kiburi hicho utafua nepi mpaka kiama."

"Nitafua. Kuongea na kichanga kama mwendawazimu siwezi."

"Mbona chumbani kwangu unapiga hodi?"

"Chumbani kwako kuna mtu."

Neno lilikuwa limeshamtoka Bi Hima mdomoni, na neno likitoka halirudi.

Siku ya mkaguzi ikafika. Bi Hima akasimama mbele ya kitanda cha Kipara. "Hodi!" akasema, na papo hapo akamnyakua. Kipara akapasua kilio.

"Bibi," mkaguzi akasema taratibu, "umepiga hodi ukaingia bila kukaribishwa."

Ilimchoma. Alitaka kuvua aproni aitupe pale pale. Kinyume chake akamrudisha Kipara kitandani, akampangusa machozi, akamwacha atulie.

"Hodi, Kipara. Nataka kukubadilisha nepi." Akanyoosha mikono, akaiacha hewani.

Kipara akamtazama, akageukia ukutani, akaanza kuchezea sikio lake.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mikono iliyozoea kunyakua ilianza kumwasha. Goti lilimuuma. Chumba kizima kilijua: akimnyakua sasa, kesho yuko kwenye beseni.

"Na asiponikaribisha?" akanong'ona.

"Mpe nafasi, kisha mwombe tena."

"Ebo! Mwenye nyumba ana shughuli zake." Akangoja. Akangoja mpaka jasho likamtoka. "Hodi tena, bwana mkubwa. Nepi hiyo imelowa, itakuchubua."

Kipara akageuka. Akaiangalia ile mikono. Kisha akainua mabega, kidogo tu, kama mtu anayetaka kubebwa. Miaka yote ya kazi, mabega yale Bi Hima hakuwahi kuyaona kwa mtoto yeyote, kwa sababu hakuwahi kuyangoja.

Mezani miguu ya Kipara ilikuwa laini kama unga uliokandwa. Bi Hima akafanya kazi polepole, akimsimulia: mguu huu, sasa maji, ya baridi kidogo, vumilia.

"Bibi, umefikia kiwango," mkaguzi akasema.

"Usinikatize. Bado mguu mmoja."

Nimemaliza. Sasa zamu yako, uliyesoma. Ukimkuta mtoto mchanga leo, usimnyanyue kama gunia. Mpigie hodi, ungoje, kisha uje uniambie amekujibu nini. Na usinidanganye, nitamwuliza mwenyewe.