Wazee Waliosimama Uani

Nakumbuka Jumapili moja kule mtaani Katuba, mwanangu, nilipowatoa vijana ishirini kanisani, tukaondoka tukiimba kana kwamba tumeshinda vita. Nilikuwa na kazi mgodini na kichwa kikubwa. Kanisa letu la Kiprotestanti lilinichosha: mahubiri ya upole, kisha mkutano mrefu juu ya mfereji wa maji na ugomvi wa majirani. Kwa nabii mpya tuliyemfuata kulikuwa na ngoma na miujiza.

Tulicheka hasa desturi yao moja. Mtu wa mtaa akikamatwa na vijana wa chama tawala, awe Mkatoliki au Mwislamu, watu wa kanisa walivaa abakosti zao, yale makoti ya heshima yasiyo na tai, wakaenda wote kwa miguu hadi ofisi ya chama, wakasimama uani kimya mpaka atolewe. Tuliwaita watu wasio na Roho.

Papa Kabwe, mzee wa kanisa, alinishika mkono mlangoni. "Weye mutoto, kuomba iko muzuri. Lakini mukienda bote, nani atasimama na siye?"

Nikautoa mkono wangu, nikaenda zangu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka haukwisha, mdogo wangu Ilunga akakamatwa kwa kukataa kwenda kucheza ngoma za kusifu chama. Nabii akasema tufunge siku tatu, mambo ya serikali hayamhusu mwamini. Vijana wangu ishirini wakafunga. Hata mmoja hakutaka kuonekana uani.

Nikarudi kwa Papa Kabwe kichwa chini. Hakunisimanga, na hilo liliniuma zaidi. Akavaa abakosti, akaita wenzake; wengi walikwisha kutufuata kwa nabii, waliobaki walikuwa watatu. Tukasimama uani watu watano, mimi nikiwemo. Mkubwa wa ofisi akatoka, akatutazama, akacheka.

"Bazee, murudie ku nyumba. Jua iko kali."

Zamani, mbele ya watu hamsini, asingethubutu.

Ilunga alitolewa baada ya wiki tatu, akikohoa damu. Tulimzika kabla mvua za mwaka ule hazijaanza. Nimezeeka, mwanangu, na bado sijajisamehe.

Sikukatazi kuomba kwa sauti. Ila usidharau kanisa la watu wapole eti linachosha. Humo mtu hufundishwa kumsimamia jirani asiyesali naye, na ujuzi huo ukishapotea haurudishwi kwa kufunga. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wanaotutawala wanalijua hilo kuliko sisi.

Mungu akupe majirani watakaokuja siku utakapokamatwa, na akupe miguu ya kwenda kwao wewe kwanza, wakikamatwa wao.