Mtani Wangu Alikuja Kudai Kikohozi Chake

Usiku ule nilipanda kitandani nimenuna, simu bado ina joto mkononi, kwa sababu mwanangu Agnes alikuwa ametoka kuniambia neno ambalo mtoto hamwambii mama yake. Alikuwa hospitali, wiki ya tatu sasa, na mtoto wake njiti. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo kiasi kwamba mara ya kwanza nilipomwona niliogopa hata kumwita mume wangu, kama bibi anavyomwita mjukuu wa kiume. Wauguzi walisema akiendelea vizuri, baada ya wiki mbili hivi wataruhusiwa. Wangekuja kwangu, kama ilivyo desturi, mzazi akae uzazi kwa mama yake, nami ningepokezana na Agnes kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka apate nyama.

"Mama," Agnes alisema kwenye simu, "muuguzi amekuwekea chanjo ya mafua. Ziko chache. Kesho mchana asipokuona anampa mtu mwingine."

Nikamwambia mimi nimekula chumvi nyingi. Mafua ya baridi ya huku Mafinga nayatibu kwa mchaichai na limao, na tangu lini mafua yakawa ugonjwa wa kuchanjiwa? Tena kila mwaka, kama mahindi! Agnes akasema taratibu, kama mimi ndiye mtoto: "Dawa inachukua kama wiki mbili mpaka ifanye kazi. Yeye ni mdogo mno, hawezi kuchanjwa. Mama, usipochanjwa humbebi."

Humbebi. Nikakata simu.

Nitasema ukweli, maana ndoto yenyewe haisimuliki bila huo ukweli. Sikuogopa kuchomwa. Wala sikuamini maneno ya jirani yangu kwamba chanjo hiyo ndiyo inayoleta mafua. Muuguzi alishanieleza kuwa haileti. Mkono unaweza kuuma siku moja mbili, pengine na homa kidogo, basi. Alinieleza pia kuwa haizuii yote, ila inapunguza hatari, na kwamba inarudiwa kila mwaka kwa sababu mafua nayo hubadilisha sura. Nilimwelewa vizuri sana. Kilichonishika mguu ni Tumsifu.

Tumsifu alikuwa mtani wangu. Yeye mwanamke wa Kihehe, mimi Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia sisi kutaniana. Kwa miaka mingi tulishona baraza moja sokoni, cherehani yake na yangu zikitazamana. Nikichelewa asubuhi alikuwa akinipokea kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza nyanya: "Mngoni, bado unakimbia? Vita viliisha!" Nami nilimjibu kuwa tulikimbia kwa sababu tulichoka kuwafundisha kushika ngao.

Macho yake yalipoanza kufifia, miwani aliikataa, alisema ni ya walimu. Basi ikawa kazi yangu kumtungia uzi. Ukikatika, aliacha kupiga pedeli na kunitazama tu. Mimi nikainuka, nikainamia cherehani yake, uso kwa uso, nikalamba ncha ya uzi, nikaing'ata kidogo ichongoke, nikaipitisha kwenye tundu. Kutwa mara ishirini. Mwaka jana, msimu wa baridi, nilikuja kazini na mafua ya kutoa machozi, kwa kuwa sare za shule zilikuwa zinangojewa. Niliendelea kulamba uzi wake. Tumsifu alikuwa na pumu. Siku chache baadaye alianza kukohoa, na kabla mwezi haujaisha tukamzika.

Msibani nikafanya kazi ya mtani. Mtani haji msibani kulia. Huja kufanya vituko mpaka waliao wacheke. Nilichukua sweta lake jekundu, kwa haki ya mtani, nikalivaa, nikakaa kwenye kigoda chake, nikaigiza kikohozi chake. Kilikuwa kinaanza kidogo, kama mtu anayesafisha koo mbele ya wakwe, kisha kinapanda, kinapanda, mpaka anajipiga kifua na kusema, "Toka, Mngoni we!" Hivyo ndivyo alivyokuwa akikifukuza kila siku, mbele yangu, kwa utani. Watu walicheka wakashika mbavu. Mumewe alicheka. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa nini maneno yale yalinikwaruza koo.

Kwa hiyo kukubali ile chanjo kulikuwa ni kukiri. Kama mafua ya kinywani mwangu yangeweza kumdhuru mjukuu, basi yaliweza na mwaka jana. Nilitaka mafua yabaki kuwa mafua tu, kitu cha mchaichai. Ndiyo maana nilinuna.

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Najua nilikuwa nageuka, blanketi likinisonga shingoni, na mahali fulani kati ya ubavu huu na ule nikajikuta nimeketi barazani sokoni, ukungu umeingia mpaka juu ya meza ya kukatia. Hakuna watu. Pedeli ya mbele yangu inakwenda. Naisikia kwanza, ndipo namwona Tumsifu, amevaa sweta jekundu. Nashangaa kidogo, maana sweta hilo liko kabatini kwangu, halafu sishangai tena.

Hanisalimu. Anashona kitu kidogo mno, vidole vyake vinakificha. Uzi unakatika. Anaacha pedeli, ananitazama.

Nainuka kama siku zote. Naitia ncha ya uzi mdomoni, nailamba, nautoa uzi, na hauishi. Navuta na uzi unakuja, mweupe, umelowa, unatokea chini kabisa kifuani mwangu. Navuta kwa mikono miwili. Unajaa mezani, unaanguka sakafuni, unanizunguka miguu, na ncha haionekani. Nataka kumwambia Tumsifu angoje, nimepata shida kidogo, lakini mdomo umejaa. Yeye anangoja. Enzi za uhai wake hakujua kungoja hata chai ipoe, na kule kungoja kwake ndiko kulikonitisha.

Nikageuka kutafuta mkasi, na tayari si sokoni. Ni uani kwake, turubai limefungwa, kina mama wamekaa mikekani, na sweta sasa nimelivaa mimi. Nakohoa kile kikohozi. Kidogo kwanza, kama mbele ya wakwe. Watu wanacheka. Tumsifu ameketi mstari wa mbele kati ya dada zake, amenyoosha miguu, naye peke yake hacheki.

"Rudia," anasema.

Narudia. Wanacheka zaidi. Nataka kuacha, kikohozi hakitaki. Kinapanda chenyewe, kinanikunja, macho yananitoka machozi, na wao wanaegemeana mabega kwa kicheko, wanasema jamani huyu Mngoni atatuua. Hakuna hata mmoja anayeona kwamba siigizi tena. Nanyoosha mkono kuomba maji. Wananipigia makofi.

Nilikimbia. Nakumbuka nilikuwa nakimbia kwenye korido ya hospitali, nyayo zangu hazitoi sauti, nafungua milango na kila mlango una vitambaa tu, vimekunjwa mpaka darini. Nilijua nimechelewa, sikujua nimechelewa nini. Nikaufungua wa mwisho, na nikawa nimeshakaa kitini, kanga imenifunga kifua, na ndani ya kanga, juu ya ngozi yangu, yuko mtoto.

Uzito wake haukuzidi mche wa sabuni. Amevaa kofia ndogo ya manjano, mishono yake naifahamu, ni ya Tumsifu, hakuwahi kunyoosha mshono wa kona. Naisikia pumzi yake shingoni mwangu, inakuja, inakaa, inakuja. Sijawahi kupenda kitu kwa haraka namna ile, na kwa woga namna ile.

Na kikohozi kiko kooni.

Nakimeza, kinarudi. Nabana pumzi. Naangalia huku na huku nimpe nani mtoto. Agnes amelala kitanda cha pili, uso ukutani, kachoka. Nikimwita lazima nifungue kinywa. Nikiinuka nitakohoa. Fundo la kanga liko mgongoni na mikono yangu haifiki. Kifua kinajaa, kinajaa, na yeye ameweka shavu palepale kinapojaa, amelala, ameniamini.

Tumsifu amesimama mlangoni. Ule uzi wote niliouvuta ameuokota, anauzungusha mkononi polepole kama mtu asiye na safari. Kwenye ndoto mtu anaweza kusema bila kufungua kinywa, nami nikamwuliza lile ambalo sijawahi kulisema mbele ya mtu, hata kwa padri.

"Mtani, ni mimi?"

Aliendelea kuzungusha uzi. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo.

"Sijui," alisema. "Huenda ni wewe, huenda ni sokoni, huenda ni kanisani. Na wewe hujui. Mimi hilo nilikwisha kuliacha."

Akasogea. Akainama, akamwangalia mtoto kama mwanamke anavyomwangalia mtoto wa mwenzake, kichwa upande, huku akitengeneza ile kofia isimfunike jicho.

"Ila kwa huyu, Mngoni, utajua."

Nikatikisika mwili mzima na bado sikukohoa. Yeye akanyoosha kiganja, wazi, kama watani wanavyodai haki yao msibani kabla ya kuruhusu jeneza lipite.

"Nipe kikohozi changu. Nilikuazima uchekeshee watu. Sikukupa ukae nacho."

Nikafungua kinywa nimpe.

Niliamka nimekaa kitandani, blanketi nimelikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, na nyuzi za pindo lake ziko mdomoni mwangu, zimelowa. Nje kulikuwa hakujapambazuka vizuri, baridi ile ya Mafinga inayopita chini ya mlango. Nikazitoa nyuzi moja moja. Kisha nikalia. Nilimlilia Tumsifu kilio nilichomnyima siku ya maziko, kwa kuwa siku ile zamu yangu ilikuwa kuchekesha, na baada ya siku ile sikujiruhusu tena. Nililia mpaka mto ukalowa, nikiita jina lake, na sikuona aibu.

Kulipokucha nikampigia Agnes. Alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Mama! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Mume wangu ameamkaje?"

Alikuwa hajawahi kunisikia nikimwita hivyo.

"Ameamka salama," alisema, sauti imelainika. "Amenyonya usiku kucha."

"Mwambie muuguzi asimpe mtu dawa yangu. Watanikuta mlangoni."

"Lakini Mama, jana si ulisema..."

"Ya jana yamelala jana. Na mwakani unikumbushe, mwaka wa pili pia, hata ukinikuta nimenuna. Ukinikuta nimenuna ndiyo unikumbushe zaidi."

Alicheka, kisha nikasikia analia, basi tukawa wawili. Sikumsimulia ndoto. Nilimwambia tu kwamba mtani wangu alipita usiku kuchukua kitu chake, na Agnes, aliyekulia chini ya meza ya kukatia barazani kwetu, hakuuliza ni kitu gani.

Nikanawa uso, nikalitoa sweta jekundu kabatini, nikalivaa. Nilipokuwa nimeshika komeo la mlango nikataka kuhakikisha. Nikasimama, nikajaribu kukohoa kama yeye, kidogo kwanza, kama mtu anayesafisha koo mbele ya wakwe. Hakikuja. Nikajaribu tena, ikatoka sauti yangu tu, kavu, isiyochekesha mtu. Nikafunga mlango, nikashika njia ya hospitali, na sijavuka hata barabara nilikuwa nimeshaukunja mkono wa kushoto wa sweta mpaka begani, katika baridi ile yote.