Kerubo na Majalada ya Waliofilisika

Magdalene Kerubo alifika Birmingham mwaka 1967 akiwa na sanduku moja, koti la kuazima na barua ya chuo kikuu. Alikuja kusomea uchumi. Kwao Kisii walidhani angerudi baada ya miaka mitatu, awe mtu wa benki, na yeye mwenyewe alidhani hivyo. Lakini alipopata shahada ya kwanza, profesa wake, mzee mpole mwenye kiko ambaye alikuwa akisahau majina ya watu, alimpa kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Asome majalada ya watu waliofilisika jijini, ahesabu madeni yao, aeleze walifikaje pale.

"Utachoka mapema," profesa alimwonya. "Ni makaratasi tu."

Kila asubuhi Kerubo alitoka kwenye chumba chake cha kupanga Moseley, akapanda basi hadi mjini, akaketi katika chumba cha mahakama chenye dirisha moja la juu. Mwanga wa mle ulikuwa wa kijivu, laini kama maji yaliyooshewa mchele. Sheria ilimtaka aliyefilisika aandike kila alicho nacho, na watu waliandika. Viti sita, kimoja kibovu. Cherehani. Ndege wa manjano na tundu lake. Kinanda kisichopigwa tangu mke wangu Edith afariki.

Kerubo alitakiwa kunakili jumla tu. Lakini kalamu ilisimama yenyewe, na vile vitu vikaanza kujipanga mbele yake taratibu, hadi akajikuta ameketi kwenye sebule ya mtu asiyemjua, ukungu umeziba dirisha, ndege anaimba. Karani alipogonga meza kumwambia kuwa ni saa kumi jioni, alishtuka kama mtu aliyeamshwa.

Miezi ikapita hivyo, nusu yake kazi, nusu yake njozi. Ndipo alipogundua jambo. Ukurasa wa mwisho wa karibu kila jalada ulikuwa mtupu. Hapo ndipo hakimu angeandika kwamba mhusika amefutiwa ufilisi wake, lakini enzi hizo ilibidi mtu aende mwenyewe kuomba. Katika majalada mia mbili na kumi na mawili, walioomba walikuwa tisa. Wengine wote walibaki mufilisi mwaka baada ya mwaka, hawaruhusiwi kukopa hata pauni kumi bila kujitangaza kuwa ni mufilisi.

"Labda hawataki," profesa alisema.

"Au hawajui."

"Basi nenda ukawaulize. Lakini uliza tu, bibie. Ukianza kuwafundisha, utawabadilisha, na utafiti wako umekwisha."

Akaenda. Msimu mzima wa baridi wa 1971 alitembea Saltley, mtaa hadi mtaa, akifuata anwani za kwenye majalada, nyumba za matofali zimeshikana bega kwa bega, moshi wa viwanda vidogo umetanda chini kama shuka. Alibisha, akauliza maswali thelathini, akajaza fomu. Aliyoyakuta hayakuwa ulafi wa vitu, kama magazeti yalivyopenda kusema. Palikuwa na mume aliyevunjika mgongo. Palikuwa na mgomo kiwandani, na mchuuzi aliyepita kila Ijumaa kudai chake.

Kwenye nyumba ya arobaini na moja mlango ulifunguliwa na mama wa Kihindi aliyevaa sweta juu ya sari. Alimtazama Kerubo, kisha akasema kwa Kiswahili.

"Wewe natoka Kenya?"

Kerubo alikuwa hajasemeshwa kwa lugha ile mlangoni mwa mtu kwa miaka minne. "Ndiyo, mama. Kisii."

"Kisii! Mimi nazaliwa Kisumu. Ingia, ingia, theluji nakuja."

Jina lake Kanta. Mumewe, Vinubhai, aliketi jikoni kando ya jiko la makaa, mikono magotini. Walihamia Uingereza mwaka 1964, akafungua duka la vitambaa karibu na Alum Rock Road, na mwaka 1967 duka likafa. Tangu hapo hakuwahi kutumia mlango wa mbele. Alitoka kwa uchochoro wa nyuma, kabla majirani hawajaamka, akaenda kufunga maboksi kiwandani, akarudi kwa njia ileile.

Kerubo aliuliza maswali yake yote thelathini. Vinubhai alijibu kwa upole. Mwishowe akauliza lake.

"Hakimu alisema mimi mufilisi. Hakusema mpaka lini. Wewe msomi, binti. Mpaka lini?"

Chai ilikuwa inapoa. Nje theluji ilianguka bila sauti, mtaa mzima ukawa kama unaelea. Kerubo aliitazama fomu yake. Haikuwa na nafasi ya swali lile.

"Mpaka utakapoomba, mzee," alisema. "Unaweza kuomba hata kesho."

Kanta aliinua ncha ya sari akaufunika uso wake.

Kerubo hakuishia hapo. Wiki iliyofuata alirudi kwenye zile nyumba arobaini za mwanzo, akawaambia wote. Kisha akaenda kwa profesa, akamweleza alichofanya.

Profesa aliweka kiko chini. "Umeharibu kazi ya miaka miwili."

"Najua, bwana."

Fedha za utafiti zikakatwa. Mwaka mzima Kerubo aliosha vyombo jikoni mwa hospitali, mikono ndani ya mvuke, akiwaza nyumba zile moja moja. Alilia mara nyingi. Hakujuta.

Ombi la Vinubhai lilisikilizwa mahakamani Machi 1972. Hakimu alisoma, akauliza mambo mawili, akaandika kwenye ukurasa ule mtupu. Yote yalichukua dakika kumi na moja. Kanta alitaka wapande basi, lakini mumewe alikataa. Alitembea hadi Saltley katikati ya njia ya waendao kwa miguu, kofia mkononi, akimwamkia kila aliyepita, hata wageni kabisa. Kerubo aliwafuata nyuma kidogo, na jua hafifu lilifanya barabara yenye unyevu ing'ae hadi asijue vizuri kama wanatembea au wanaota.

Katika wale arobaini na moja, kumi na saba waliomba. Kerubo alianza upya, akaandika utafiti mwingine, kuhusu kinachomzuia mtu kuomba. Aibu ilikuwa kubwa kuliko ujinga, na ukimya wa ofisi za mahakama, ambazo hazikumwambia mtu haki yake, ulizidi vyote viwili. Profesa aliusoma, akakubali kuusimamia, na kuanzia siku hiyo hakulisahau jina lake tena. Mwaka 1976 sheria ilibadilishwa, hata wasioomba wakaweza kufutiwa ufilisi wao. Kerubo hakudai kuwa ni kazi yake.

Mwaka 1978, akiwa mhadhiri, alinunua kinyumba kidogo Moseley kwa mkopo wa miaka ishirini na mitano. Kanta alikuja kukiona. Alizunguka vyumba vitupu, akasoma karatasi ya mkopo kwa umakini, kisha akaanza kucheka.

"Sasa wewe nadaiwa mpaka nazeeka!"

Kerubo alicheka naye hadi wote wawili wakaketi chini sakafuni, maana viti havikuwepo.