Wifi Alipouchukua Mundu Wangu

Nilianza kugombana na damu yangu siku niliyong'olewa jino. Pamba ya kwanza ililowa, ya pili ikalowa, na hadi alasiri nilikuwa bado natema damu kwenye kopo uani. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, akasema damu yangu ni nyepesi, nile mchicha. Nikala mchicha mpaka nikauchukia. Kichwa nacho kilinigonga kila siku, na enzi zile za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, kila duka la Mlola lilikuwa na aspirini kando ya sabuni na viberiti, basi nikawa nameza mbili asubuhi, mbili jioni. Hakuna aliyenikanya. Fizi zikazidi kuvuja.

Katika hospitali kubwa, huko chini ya mlima, daktari aliitazama karatasi ya vipimo kwa muda mrefu.

"Mama, una chembe sahani nyingi kupita kiasi," akasema. "Ndizo zinazoziba jeraha."

"Sasa mbona haliachi kuvuja?"

Akaniuliza kama nimewahi kuona nyumba ya udongo ikikandikwa. Nikamjibu kwamba nimekandika tatu.

"Basi, wakija wakandikaji mia, kila mmoja akachota udongo na kuukumbatia, ukutani kutabaki nini? Kuna protini kwenye damu inayozinatisha chembe hizo kwenye jeraha. Zako zimekuwa nyingi mno, zimeing'ang'ania na kuimaliza. Na hiyo aspirini inakuongezea balaa. Iache leo."

Akanipa dawa ya kuzipunguza chembe hizo, na onyo: nisijikate mpaka hesabu ishuke.

Onyo hilo nililifikisha nyumbani kwa mdomo wangu mwenyewe, mjinga mimi. Wanawake wa kitongoji chetu tulikuwa tukifanyiana kazi kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na siku ya kukata majani ya ng'ombe ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote, maana huko mteremkoni ndiko tulikowasengenya waume, mawifi na wachuuzi wa kabichi. Kesho yake wifi akaja kuuchukua mundu wangu. "Nitakutunzia," akasema. Alinipenda, hilo silikatai. Wenzangu wakawa wananikatia majani, wakayatua mlangoni, wakaondoka wakicheka kwa Kishambaa jambo ambalo sikulisikia mwanzo wake. Nilibaki na ng'ombe. Upweke ulinishika hata nikaanza kumsengenya wifi kwa ng'ombe.

Miezi ikapita, hesabu ikashuka. Daktari akasema ile protini imerudi. Niliposhuka kwenye gari nilikwenda moja kwa moja kwa wifi kuudai mundu wangu. Ulikuwa umenolewa hadi umekonda, na umetiwa mpini mpya, mfupi, wa kumfaa mkwe wake, aliyeshika nafasi yangu kwenye zamu.

"Aa, wifi, wewe pumzika," akasema. "Sisi tumeshazoea."

Tumeshazoea! Nilinunua mundu mwingine gulioni, nikaenda mteremkoni peke yangu, siku isiyo ya zamu. Kwa hasira zangu nikajikata kidole. Niliogopa sana. Nikakibana kwa pindo la kanga, nikahesabu polepole, nikahesabu tena, kisha nikafunua. Damu ilikuwa imesimama. Imeganda kabisa, kama ya watu wengine.

"Jamani, tazameni!" nikapaza sauti, nikageuka na kidole juu. Kulikuwa na majani tu.