Alhamisi Tuliyoiuza na Mandazi

Wanawake wa mutaa wetu waligombania bwana zao na wanawake wenzao, kama kawaida. Mimi, Mungu anisamehe, niligombania wangu na muzee mwenye upara na meno matatu ya mbele, fundi wa nguo, mutu aliyeshonea nusu ya mutaa wetu wa Birere suruali za shule. Ukitaka kucheka, cheka. Mama yangu mwenyewe alicheka siku nilipomulalamikia kule kijijini kwetu Kalengera, akaniuliza kama huyo muzee anapaka poda.

Habari yenyewe ilikuwa ya gazeti. Bwana yangu alikuwa karani katika biro moja ya serikali hapa Goma, siku zile sisi wote tulipoitwa citoyen na citoyenne, yaani raia, na wanaume walivaa abakosi, lile koti lisilo na tai, hata jua likiwa kali. Gazeti lilikuwa la kila siku, lakini kila siku ya huko Kinshasa. Kwetu lilikuja na ndege, ndege ikipenda kuja, furushi moja lenye siku tano au sita pamoja. Mukubwa wake akiisha kuyasoma, bwana yangu aliruhusiwa kuyaleta nyumbani, kwa sababu mimi niliuza mandazi sokoni, na mandazi hayatembei uchi.

Kwenye ukurasa wa nyuma kulikuwa na mots croisés, ile miraba ya kujaza maneno, herufi moja katika kila chumba, na maswali pembeni. Bwana yangu aliipenda miraba ile kuliko nyama. Tena aliiwekea sheria. Majibu ya Jumatatu yalichapwa katika gazeti la Jumanne, kwa hiyo mutu wa Kinshasa alilazimika kungoja kesho. Sisi, kesho yetu ilikuwa tayari juu ya kabati! Basi yeye alilifunga furushi kwa kamba ya katani, akawa anatoa gazeti moja tu kwa siku, kwa kufuata tarehe, kama vile mutu anafunga Kwaresima. "Hapana kugusa," aliniambia. Gazeti likiisha siku mbili mikononi mwake, ndipo lilihamia kwenye rundo la pembeni, kabati lile lile, rundo la mandazi yangu.

Kifaransa chake kilikuwa cha barua za biro: "suite à votre lettre", "veuillez agréer", basi. Ukimuuliza jina la ua au la mungu wa Warumi, amekwama. Muzee fundi, yeye alisoma seminari, akabakiza hatua kidogo awe padri, halafu akamuona binti mmoja wa Masisi na upadri ukaishia pale. Latini yote ilibaki kichwani haina kazi. Kila siku saa kumi bwana yangu alivuka barabara na gazeti kwapani, akaketi kwenye kiti kidogo kando ya mashini ya kushona. Anasoma swali, muzee anasimamisha mguu, wanafikiri, wanabishana, wanacheka. Walicheka! Mimi nilikuwa ng'ambo, nachambua maharagi, nasikia kicheko cha bwana yangu kama kicheko cha mugeni. Nyumbani alikuwa mutu wa mambo matatu: chumvi imezidi, chumvi imepungua, tulale.

Nilivumilia. Mutu anavumilia mengi. Kisha siku moja nilikuwa kwenye robine, bomba la maji la mutaa, nangoja ndoo ijae, jirani mmoja akanishika bega.

"Mama, tutakukosa sana. Na huko Kindu wanasema joto ni la kuua."

"Kindu ya nani?"

"Si bwana yako amepata mutasyo? Muke wa fundi ndiye aliniambia."

Maji yalimwagika, sikuona. Bwana yangu anahamishwa kazi, mimi muke wake wa miaka kumi na moja, ninaipata habari kwenye robine, kutoka kwa jirani, aliyeipata kwa muke wa fundi, aliyeipata kwa fundi! Mama yangu alikuwa peke yake Kalengera, miguu imevimba, mutoto wake aliyebaki ni mimi tu. Kila wiki mbili nilipanda lori kwenda kumuosha na kumupikia. Kindu kutoka hapa si safari, ni kuzikana.

Unaweza kuniuliza kwa nini sikumuuliza. Kiburi! Nilitaka aniambie mwenyewe, kwa mudomo wake, kama alivyomuambia yule. Usiku ule nilimuwekea sombe ya majani ya muhogo, nikakaa mbele yake namuangalia. Alikula. Akasema chumvi leo iko sawa. Nilitamani kumumwagia sufuria.

Nikaanza kuwachunguza kutoka ng'ambo, na nikaona jambo moja. Bwana yangu aliongea wakati anatafuta neno. Macho yakiwa kwenye miraba, mudomo ulifunguka wenyewe, na mambo ya moyoni yakatoka yakifuatana na ya gazeti. Ahaa, nikasema, kumbe mulango ni huu. Kiti kile kidogo nitakikalia mimi.

Nilisoma kwa masista mpaka mwaka wa tano. Kifaransa nilikisoma kwa sauti safi, ingawa maana mara nyingine ilinipita pembeni. Asubuhi bwana yangu akiisha kwenda kazini, nilipanda juu ya kiti, nikafungua kamba, nikatafuta gazeti linalofuata, nikakariri majibu: moja orizontali hili, mbili orizontali lile. Nilikariri huku nakanda unga, kama tulivyokariri katekisimu. Halafu nilifunga kamba kwa fundo lile lile lake.

Siku ya kwanza alikuwa anatafuta kalamu yake ya biki ili avuke.

"Soma moja hapa," nikamuambia, mikono ndani ya maharagi.

"Wacha, mama. Ni Kifaransa kigumu."

"Soma."

Akasoma kwa kunionea huruma: muji mukuu wa Peru, herufi nne.

"Lima," nikasema, nikatupa kijiwe nje ya ungo.

Ungemuona! Alinitazama kama mutu ambaye mbuzi wake amemusalimia. Akasoma lingine, nikajibu. Lingine, nikajibu. Nilimubakizia mawili ili asinishuku, akavuka nayo kwa fundi. Siku ya tatu hakuvuka. Alileta kiti kidogo uani, kwenye ukuta wetu wa mawe meusi, akaketi karibu yangu, na mimi nikaimba moyoni. Kule ng'ambo mashini ililia peke yake, trrr, trrr. Lia, muzee. Lia na Latini yako.

Wiki ile ile nilikutana naye njiani. Alivua kofia, maana adabu hakukosa. "Mama," akasema, "umeninyang'anya kazi." Nikamujibu kwamba kazi ya fundi ni kushona. Bado naona haya kidogo kwa jibu lile, lakini kidogo tu.

Lakini Kindu je? Hapo ndipo nilipojitega mwenyewe. Nilijibu haraka mno. Wivu hauna breki; nilitaka aone kwamba nampita yule muzee, kwa hiyo kila swali nililikamata likiwa bado mudomoni mwake. Kabla chai haijapoa, miraba imejaa. Bwana yangu alisema "bravo, mama", akalikunja gazeti, akakaa kimya anaangalia kuku. Hakukuwa na neno la kutafuta, basi hakukuwa na maneno. Nilimunyima muzee mutu wake, na mimi mwenyewe sikumupata. Wiki mbili nzima nilikuwa mwenye akili kuliko wote Goma, na sikuambiwa kitu.

Ndipo tukafika kwenye furushi lililoniumbua. Alfajiri moja nilichelewa kuamka, mandazi yameiva, giza bado limo ndani ya nyumba. Nilinyoosha mukono juu ya kabati, nikavuta gazeti, nikalichana, nikafunga mandazi, nikakimbia sokoni. Mukono ulikosea rundo. Kamba niliilegeza mimi mwenyewe kwa kuifungua na kuifunga kila siku. Sikujua lolote. Niliporudi nilifungua furushi kama kawaida, nikakariri majibu ya gazeti lililofuata, bila kuangalia tarehe. Mwizi aliyezoea haangalii.

Saa kumi tulikuwa ukutani. Miraba ilikuwa ya Jumatano.

"Tatu orizontali," akasoma. "Muto wa Ulaya, herufi tano."

"Navet," nikasema.

Akainua biki juu ya karatasi. Navet ni mboga, mizizi myeupe, masista waliipanda nyuma ya konva, nyumba yao, na kutulisha kwa nguvu. Nilijua vizuri kabisa kwamba navet ni mboga.

"Muto unaitwa navet?"

"Wazungu wana mito mingi."

"Mama."

"Andika! Si herufi tano? Hesabu."

Akahesabu kwa biki. Zilikuwa tano kweli. Akanitazama, akainuka polepole, akaingia ndani, na mimi nikasikia kiti kinaburutwa mpaka kwenye kabati. Alirudi na furushi, kamba inaning'inia. Akayapanga magazeti kwenye mapaja yake. Jumatano. Ijumaa. Jumamosi.

"Alhamisi iko wapi?"

Nilifikiri kusema panya. Nilifikiri kusema upepo. Kisha nikakumbuka alfajiri, giza, mukono wangu juu ya kabati.

"Alhamisi tumeiuza na mandazi," nikasema.

Hakucheka na hakugomba. Aliuliza tu, taratibu, kama bironi: "Yote yale? Toka siku ya Lima?" Nikaitika kwa kichwa. "Juu ya nini, mama? Ungesema unataka kucheza, tungecheza."

Hapo nikapasuka. "Kucheza! Nani anataka kucheza? Juu unaongea naye! Mimi unaniambia chumvi, yeye unamuambia Kindu! Robine nzima inajua ninakwenda Kindu, mimi peke yangu sijui! Na mama yangu nimuachie nani, huyo fundi wako? Basi uolewe naye, akupikie kwa Latini!" Kuku walikimbia. Nafikiri ng'ambo mashini ilisimama, lakini sikujali.

Bwana yangu alingoja nimalize. Aliingia chumbani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa. Ilikuwa barua, ile ya kujaribia kabla ya kuandika ya kutuma, mwandiko wake. Nilisoma kwa kidole. Alimuandikia mukubwa wa kazi yao kule Bukavu kwamba haendi Kindu. Mutu wa serikali, siku zile, anaandika kwamba haendi! Nikaendelea kusoma, na katikati nikakuta mistari mitatu imekatwa kwa kalamu nyekundu. Chini ya wekundu niliweza kusoma: muke wangu ana mama mugonjwa, siwezi kumutenga naye. Mimi ninaweza kufanya kazi popote, lakini nyumba bila sauti ya muke wangu sikuizoea, na sitaki kuizoea.

Pembeni, kwa mwandiko mwingine mzuri wa kipadri, wekundu huo huo: "Bukavu hawahitaji habari za sauti. Weka: sababu za kifamilia. Inatosha."

"Barua kama hii inaweza kumufukuzisha mutu kazi," bwana yangu akasema. "Nilitaka kukuambia ikiisha, usikose usingizi. Na Kifaransa changu unakijua. Nilihitaji mutu wa kunisaidia." Kisha akaongeza, huku anaangalia kuku: "Jibu bado halijafika."

Lilifika baadaye, tulibaki, na mama yangu nilimuzika kwa mikono yangu kule kwetu. Lakini siku ile hatukujua. Ilinipasa nimushukuru Mungu. Nililia, ndiyo, na bwana yangu akadhani ni furaha, akanishika mukono mbele ya barabara nzima, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Haikuwa furaha peke yake. Miaka kumi na moja nilingoja neno moja kama lile. Nilililisha sombe, nililifulia mashati. Na siku lilipotoka, liliwahi kupita kwa muzee mwenye meno matatu! Alilisoma kabla yangu. Akaona ni refu, akalikata.

"Sasa umeridhika?" bwana yangu akauliza.

"Hapana," nikasema. "Soma swali la nne."

Akasoma. Sikujua jibu, naye hakujua. Tulikaa pale mpaka jua likaisha, tukapata maneno sita tu kati ya yote, na katikati ya kutafuta akaniambia habari za mukubwa wake, za jino linalomuuma, na kwamba aliogopa sana siku ile alipoitia barua posta.

Kesho yake asubuhi nilivuka barabara na mandazi manane ya moto kwa ajili ya muzee fundi. Alistahili, alitusaidia, na sikutaka watu waseme sina shukrani. Bwana yangu angevuka tena siku ile na miraba ya Ijumaa, nilimuruhusu mwenyewe. Kwa hiyo mandazi niliyafunga katika gazeti la Jumamosi, ukurasa wa nyuma, majibu yote yakiangalia juu. Muzee alifungua, akaona, akanitazama, akacheka mpaka meno yake matatu yakaonekana. Acheke. Miraba ikijaa haraka, hakuna mambo ya moyoni yatakayotoka. Majibu nilimupa yeye, barua nilibaki nayo mimi.