Tulisajili domain inayotofautiana na ya kampuni kubwa kwa herufi moja tu: yaliyotukuta huku Nyangoto

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kila nikipita jukwaa la teknolojia nakuta mtu anauliza, "Nimeona domain iko wazi, inafanana na ya kampuni fulani kubwa, niichukue?"

Hiki nakisimulia kama nilivyokiona. Sijaongeza chumvi. Majina tu nimebadilisha, ya watu na ya biashara.

Mimi ni mwalimu wa serikali. Kwetu Singida, ila nimepangiwa kazi Tarime, na nimepanga chumba Nyangoto.

Mama mwenye nyumba wangu anaitwa Bhoke. Mimi namwita Mama tu. Anatengeneza unga wa uji wa lishe: wimbi (ulezi), soya, mahindi na karanga. Mnaojua Wakurya na uji wa wimbi hamhitaji maelezo. Unga wake unatoka kweli. Wake za wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu wa hapa wanaununua, na ndugu zake wa upande wa Kenya wanabeba kila wakivuka Sirari.

Ana mdogo wake, Chacha, anaishi Migori, Kenya, anafanya graphics. Siku moja alikuja kutembea, akaona mifuko ya dada yake haina hata jina. Akashika kichwa.

"Mwalimu," akaniambia, "siku hizi biashara bila website ni bure kabisa. Hiyo maneno niachie mimi."

Akasajili domain: bhokefoods. Akatengeneza website, akatuma na stika za kubandika kwenye mifuko. Njano nzuri, inaonekana toka mbali.

Sasa wakuu, kuna kampuni kubwa ya unga. Tuiite Boke Foods. Bila h. Supermarket zote unaiona.

Nilimuuliza Chacha, "Hii haitaleta shida?"

Akacheka. "Yao haina h. Na dada yangu ameandikwa hivyo kwa kitambulisho. Mtu anashtakiwa kwa jina lake?"

Hoja ikaniingia. Mama naye akasema, "Mimi jina nimepewa na bibi yangu. Hao wamepewa na nani?"

Tukacheka, tukaendelea.

Email ya biashara nikawa naifungua mimi, kwa sababu Mama simu yake ni ya tochi. Hapo ndipo mambo yalianza kunishangaza.

Barua ya kwanza ilitoka kwa kijana anaomba kazi ya udereva wa lori. Mama lori analitoa wapi? Kameweka vyeti vyote, mpaka cha kuzaliwa.

Ya pili, shule fulani inauliza mbona mzigo wa mwezi huu umechelewa.

Ya tatu, mtu anaomba kuonana na "Meneja wa Kanda". Nilimsomea Mama, akajitazama kanga yake yenye unga, akacheka mpaka akakaa chini.

Nikawa najiuliza, hawa watu wanatoka wapi? Jibu nilikuja kulipata darasani. Niliwaambia wanafunzi waandike jina Boke ubaoni kwa kusikia tu. Wote waliopita mbele waliweka h. Huku ndivyo jina linavyoandikwa! Mtu wa Mara akisikia tangazo la ile kampuni redioni, mkono wenyewe unaweka h, na barua inakuja kwetu.

Wakuu, nakiri nilinogewa. Ilikuwa kama kusimama dirishani unaona mambo ya nyumba ya jirani. Mama ndiye aliyenikemea: "Mwalimu, barua ya mtu haisomwi. Mrudishie."

Nikaanza kujibu kila mmoja kwamba amekosea anuani.

Chacha aliposikia akapiga simu, yuko moto. "Mnafukuza wateja! Mtu anataka unga, nyinyi mna unga, si mumpatie?"

Nikamwambia huyo mtu anataka unga wa wengine.

"Unga ni unga, mwalimu."

Mama alikuwa pembeni anapepeta wimbi, anasikia yote. Halafu akasema, "Anayetaka unga apewe unga. Si tumeandika jina letu?"

Ndipo mwenye duka mmoja wa Musoma alipoandika anatafuta mzigo, tukampelekea wa kwetu. Hakuuliza lolote. Mfuko wa njano, jina lile lile mdomoni. Akaagiza tena.

Hapa naomba msome taratibu.

Siku moja nimetoka kipindini, nafungua email, nakuta ujumbe wa mama mmoja wa Bunda. Ameandika bila salamu. Mwanawe haruhusiwi kula karanga, daktari alishamkataza. Siku zote anamnunulia Boke kwa sababu haina karanga. Safari hii alinunua duka moja la Musoma, mtoto akanywa uji, midomo ikavimba, akaanza kupumua kwa shida, wakamkimbiza hospitali. Swali lake lilikuwa moja: "Mmeanza lini kuweka karanga?"

Ameambatanisha picha ya mfuko. Ulikuwa wa kwetu.

Stika ya Chacha ilikuwa na jina, website na picha ya mtoto ameshika kikombe. Kilichomo ndani ya mfuko hakikuandikwa popote.

Nilienda nyumbani mbio. Nilipomsomea Mama hakuuliza habari ya kampuni wala duka. Aliuliza, "Mtoto yu hai?"

Sikuwa najua. Namba ya simu ilikuwepo mwisho wa ujumbe. Nikapiga, Mama akaninyang'anya simu.

"Mwanangu, mimi ndiye Bhoke. Huo unga nimeusaga mimi kwa mikono yangu. Una karanga. Mtoto anaendeleaje?"

Nikasogeza sikio. Kisha nikasikia sauti: "Wamemchoma sindano. Amelala. Anapumua vizuri."

Mama alikaa pale pale kwenye kizingiti, simu bado iko sikioni. Alilia kimya kimya. 

Kesho yake aliagiza duka la Musoma lirudishe mifuko yote. Halafu akaniambia nitafute namba ya ile kampuni. Nikamwambia Mama, hawa watatufunga. Akasema, "Bora nijipeleke kuliko kufuatwa."

Tukapiga, Mama akaeleza yote, tukaambiwa tutapigiwa. Kumbe wao walikuwa tayari wanatutafuta. Ile shule niliyoijibu ilikuwa imewauliza kuhusu anuani yetu, wakadhani sisi ni matapeli.

Alitupigia mwanasheria wao, dada mwenye sauti ya upole. Chacha alikuwa amekuja kutoka Migori siku hiyo, akaanza na hoja yake ya kitambulisho na jina la bibi.

Yule dada akamwachia amalize. Akasema, "Mama, jina lako hakuna wa kukunyang'anya. Lakini jina la kuitwa nyumbani na jina la kuuzia unga ni mambo mawili. La biashara hii tulilisajili sisi kwanza, na wateja wameshachanganya. Nia yenu ikiwa safi au chafu, mtoto amekunywa huo uji."

Kisha akauliza, "Na hiyo rangi ya njano kama ya mifuko yetu, ni ya bibi pia?"

Mama akamgeukia mdogo wake, akamwita kijana kwa Kikurya: "Wewe mura, sema."

Chacha akainamisha kichwa. "Nilitaka watu wakikosea, wakosee kuja kwetu."

Wakuu, mimi nilikuwa sijui. Mama pia.

Ilivyoisha: tuliwakabidhi domain na barua zote zilizoingia kimakosa, tukasaini ahadi ya kutotumia jina hilo wala rangi hiyo kwenye unga. Hawakutupeleka mahakamani. Mwanasheria alisema waziwazi kwamba kilichotusaidia ni kupiga simu wenyewe. Wangeweza kudai fidia, wangeweza kufungua kesi ya jinai ya udanganyifu, na mimi niliyekuwa najibu email ningeunganishwa.

Nilichojifunza? Domain kuwa wazi haimaanishi ni halali yako. Tafuta kwanza kama jina hilo limeshasajiliwa na mtu kuwa alama ya biashara. Domain yako isome kwa sauti, siyo kwa macho tu, maana sisi tunaandika kama tunavyosikia. Na ujue kwamba atakayekosea anaweza kuleta kwako zaidi ya biashara: vyeti vyake, siri zake, hata afya ya mtoto wake.

Mama sasa anauza kwa jina la kijiji, mfuko mweupe, na vilivyomo vimeandikwa kwa herufi kubwa. Wateja wamepungua, sitadanganya.

Juzi sokoni dada mmoja alishika mfuko, akauliza, "Hii si ndiyo ile Boke?"

Mama akamjibu, "Hapana, mwanangu. Ile ni nyingine. Hii ni yangu, na ina karanga. Nyumbani kwako kuna asiyekula karanga?"

Yule dada akasema yupo, akaurudisha mfuko mezani, akashukuru, akaondoka.

Mama akamsindikiza kwa macho, akapanga mifuko yake vizuri.

Wanasheria na watu wa IT mliomo humu, mtu ambaye jina lake halisi linafanana na brand kubwa afanyeje ili asipoteze vyote? Na aliyewahi kupokea barua zisizo zake, alizifanyaje? Karibuni, uwanja ni wenu.